Shuti Huanza Miguuni: Jinsi Ninavyofunza Hoki ya Barafuni Hapa Malindi

Wachezaji wangu ni watoto wa Barani, Maweni na Shela, hapa hapa Malindi, na wengi wao hawajawahi kukanyaga barafu. Tunafanya mazoezi juu ya sakafu ya saruji, kwa raba au viatu vya magurudumu, na wachache hupanda basi kwenda Nairobi nafasi ikipatikana. Mimi ni seremala. Mchezo huu niliupata Nairobi nilipokuwa nafanya kazi huko, na niliporudi nyumbani nikaja nao. Maelezo haya nawaandikia kocha mwenzangu wa pwani, mzazi, au kaka mkubwa aliyeachiwa watoto wenye magongo na hajui aanzie wapi.

Nimechagua shuti kwa sababu ndilo jambo linalofunzika vizuri zaidi mbali na barafu. Kuteleza kunataka barafu, hakuna njia ya mkato. Shuti halitaki. Sidney Crosby, nyota wa hoki wa Kanada, alikulia Cole Harbour, Nova Scotia, akipiga paki, kile kisahani cha raba kinachochezewa hoki, katika chumba cha chini cha nyumba yao, na mashine ya kukaushia nguo ndiyo iliyopokea zile zilizokosa goli, mpaka ikajaa mabonde na alama nyeusi. Auston Matthews amelelewa Scottsdale, Arizona, kwenye jangwa lenye joto linaloshinda letu, na katika msimu wa 2023–24 alifunga magoli 69 katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Joto la Malindi halimzuii mtoto kujifunza kupiga.

Gongo kwanza

Kabla ya kumrekebisha mtoto, tazama gongo alilopewa. Magongo mengi yanayotufikia huku ni ya msaada, yametumiwa na watu wazima, marefu na magumu. Mtoto wa kilo 35 akipewa gongo la mtu wa kilo 90, hata ukimfunza mwaka mzima hatalipinda, na gongo lisilopinda halina shuti.

Kwenye mpini wa gongo la kisasa kuna namba imeandikwa, kama 40, 55 au 85. Hiyo ni nguvu, kwa ratili, inayohitajika kuupinda mpini inchi moja. Makocha wengi huanzia kwenye nusu ya uzito wa mchezaji kwa ratili. Sisi tunaopima kwa kilo tuna bahati, maana hesabu hiyo inaangukia karibu na kilo zenyewe, au juu kidogo: mtoto wa kilo 40 anafaa gongo la 40 hadi 45. Mpeleke kwenye mizani, usome namba ya gongo, umalize. Na usidhani kwamba ukikata gongo la mtu mzima umelifanya la mtoto. Ukilifupisha linazidi kuwa gumu, kwa sababu kipande kinachobaki kinapinda kwa shida zaidi. La mbao la zamani, jembamba, lililolegea kwa umri, mara nyingi linamfaa mtoto kuliko la kaboni linalong'aa.

Urefu upime akiwa amesimama wima, ncha ya gongo ikiwa sakafuni. Akiwa na raba, lifike puani. Akiwa na viatu vya magurudumu au vya barafu, lifike kidevuni. Ni gongo lile lile. Kilichobadilika ni kimo cha mtoto.

Kuhusu mkono, usimlazimishe. Weka gongo sakafuni, mwambie aliokote na asukume mpira wa tenisi huku na huku. Jinsi alivyolishika bila kufikiri ndiyo njia yake. Wazazi wengine hunijia wakitaka mkono wa kulia uwe chini kwa kuwa mtoto anaandika kwa kulia. Si lazima. Mkono wa juu ndio unaoliendesha gongo, na wachezaji wengi wanaotumia mkono wa kulia kwa kila kitu hupenda mkono huo ukae juu. Katika NHL wanaopiga kushoto, yaani wenye mkono wa kushoto chini, ni wengi kuliko wanaopiga kulia.

Ubao, paki na goli

Paki halisi ni kisahani cha raba ngumu, unene sentimita 2.54, kipenyo sentimita 7.62, uzito kati ya gramu 156 na 170. Juu ya saruji haitelezi. Inakwaruza, inajikwaa, inasimama kwa ukingo na kubingirika. Tena saruji inakula ubapa wa gongo, ile sehemu bapa ya chini inayogusa paki, kwa kasi ya kutisha. Ndiyo maana unahitaji ubao.

Nunua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, nene milimita 18, uikate nusu. Nusu moja ibandike fomaika nyeupe juu. Hiyo ni ya paki. Nusu ya pili iache ilivyo. Hiyo ni ya kusimama mchezaji. Watu wengi huweka ubao wa paki peke yake, mtoto akabaki sakafuni. Hapo paki inakuwa juu ya nyayo zake kwa karibu sentimita 2, naye anazoea kupiga kwa gongo lililoinuka, mikono ikiwa juu kuliko inavyotakiwa. Weka mbao zote mbili usawa mmoja. Pembe za fomaika zipige randa hadi zisikwaruze, kisha sugua uso wote kwa mshumaa na upanguse kwa kitambaa kikavu. Utajua umefanikiwa ukiisukuma paki kwa kidole kimoja ikavuka ubao wote. Ukimaliza mazoezi urudishe kivulini, kwa maana jua la saa saba linalainisha gundi na hewa ya chumvi inaingia pembeni. Fomaika ikianza kubanduka haikai tena vizuri.

Paki zikiadimika, nenda kwa fundi wa akala. Anajua raba ya tairi kuliko mtu yeyote mjini. Mwombe akukatie visahani viwili kutoka tairi kuukuu la lori, avigandishe kwa gundi hadi unene utimie, na umkataze kabisa kutumia misumari, maana itachana ubao na inaweza kumchoma mtu. Kisha pima kila kimoja kwenye mizani ya duka. Kilicho chini ya gramu 150 kinamdanganya mtoto kwamba ana nguvu, na kilichozidi 180 kinamchosha vifundo vya mikono. Paki za kweli nazo zina tabia yake katika joto hili: raba ikipata moto inadunda. Huko NHL hugandishwa kabla ya mechi ili zitulie. Mimi huziweka kwenye friza ya duka la jirani mchana, tunazichukua baada ya alasiri.

Goli lijenge kwa mbao za mbili kwa mbili, nafasi ya ndani iwe sentimita 183 kwa upana na 122 kwa kimo, vipimo vya goli la hoki ya barafuni popote duniani. Usipunguze kwa sababu watoto ni wadogo. Macho yao yazoee nafasi halisi. Kwa wavu, wavuvi watakusaidia. Jarife halifai, macho yake ni makubwa na paki inapita. Omba kipande kikuukuu cha wavu wa macho madogo, ukikunje mara mbili, na ukining'inize kikiwa kimelegea, kigusane na sakafu kwa nyuma. Wavu uliokazwa unairudisha paki kwenye miguu ya mpigaji. Uliolegea unaimeza. Kila kona funga kifuniko cha ndoo chenye rangi yake kwa uzi wa mshipi: kijani, chekundu, cha bluu, cheupe.

Sheria moja haina mjadala: hakuna anayevuka mstari wa wapigaji kuokota paki mpaka kocha aseme wote waweke magongo chini. Goli liwe limeegemea ukuta usiokuwa na mlango wala dirisha. Anayekaa golini avae helmeti yenye kinga ya uso, la sivyo goli libaki tupu. Walio chini ya miaka kumi waanze na mpira wa tenisi.

Miguu

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kila kitu kingine.

Mtoto akishika gongo kwa mara ya kwanza hupiga kwa mikono. Mabega yanapanda, mikono inabana mbavuni, paki inatambaa mita chache. Kocha naye anapaza sauti, "Piga kwa nguvu!" Nguvu pekee ambayo mtoto anaijua ni ya mikono, basi anaiongeza hiyo hiyo, na shuti linazidi kuharibika. Nguvu ya shuti inatoka kwenye uzito wa mwili unapohama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Uzito huo unashuka kwenye gongo, mpini unapinda, na unaponyooka ndipo paki inaporuka.

Watoto wa pwani wana jambo moja la kuwasaidia kuelewa. Wamewaona wazee wakiondoa dau kwenye maji machache kwa upondo. Mzee hasukumi kwa mikono. Huuegemea, upondo ukapinda kidogo, dau likaondoka. Nawaambia waliegemee gongo vile vile, na wengi hunielewa kabla sijamaliza sentensi.

Zoezi lenyewe halina paki. Pigilia kipande cha mbao sakafuni au tumia kizingiti. Mchezaji anasimama ubavu wake ukielekea goli, miguu upana wa mabega, magoti yamekunjwa hadi goti linafika juu ya vidole vya mguu. Kama anapiga kushoto, yaani mkono wa chini ni wa kushoto, mguu wake wa mbele ni wa kulia. Anaweka ubapa nyuma ya kile kizingiti, anabana mkono wa chini kuelekea sakafuni na mbele, anauvuta wa juu kidogo kuelekea mwilini, na anahamisha uzito. Mpini ukipinda, abaki hapo kwa sekunde mbili, ausikie. Kisha aachie. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena.

Wewe kocha usitazame gongo. Chuchumaa kando na utazame kisigino cha nyuma. Kisipoinuka, uzito haujahama, hata kama uso wa mtoto umekunjamana kwa juhudi. Nina jaribio ninalolitegemea sana: mwishoni mwa kila shuti mwambie ainue mguu wa nyuma kabisa kutoka chini na asimame hivyo. Aliyehamisha uzito anasimama imara kwa mguu wa mbele. Aliyepiga kwa mikono anayumba kurudi nyuma, na anajijua mwenyewe bila wewe kusema neno. Kosa analoligundua mtoto mwenyewe linarekebishika upesi kuliko lile unalomwambia.

Njia ya paki kwenye ubapa

Shuti la kwanza la kufunza ni lile la vifundo vya mikono, ambalo paki haiachani na gongo hadi dakika ya mwisho. Mpigaji anaianza paki usawa wa mguu wa nyuma, ikiwa imegusana na ubapa upande wa kisigino chake, pale ubapa unapoungana na mpini. Anaivuta mbele, na katika kuivuta inabingirika polepole ubapani kutoka kisigino kuelekea ncha. Inapofika usawa wa mguu wa mbele, mkono wa juu unavutwa nyuma, wa chini unasukuma mbele, vifundo vinageuka, na paki inatoka karibu na ncha huku ikizunguka. Mzunguko huo ndio unaoituliza angani. Paki inayotoka bila kuzunguka inayumbayumba na haina shabaha.

Mikono ikae mbali na mwili. Nikipita nyuma ya mchezaji, ngumi yangu iweze kupita kati ya mkono wake wa juu na mbavu. Isipopita, mkono huo hauna nafasi ya kuvuta, na shuti litakuwa la kusukuma tu.

Tegesha sikio pia. Shuti zuri halina kelele mwanzoni: kuna mkwaruzo mwororo wa raba kwenye fomaika, halafu mlio mmoja mkavu paki inapotoka. Ukisikia "kop" mwanzoni kabisa, mtoto ameitenga paki na ubapa akaigonga. Mrudishe, aanze paki ikiwa imegusana na gongo.

Kuna binti mmoja wa Maweni, mwembamba, mwenye miguu yenye nguvu za kukimbia mchangani, ambaye mashuti yake yote yalikuwa yakienda chini. Alikuja akaniuliza, "Kochi, mbona yangu haipandi?" Nikamwambia, "Piga mbili, mwanangu, nione." Miguu ilikuwa sawa, kisigino kiliinuka, mpini ulipinda. Nilipiga magoti nikatazama ubapa. Paki ikiwa katikati ya safari yake, anaanza kuugeuza ubapa kuelekea juu ili aichote, na papo hapo paki inamponyoka kutoka kwenye kisigino kabla haijafika ncha. Kadiri alivyotaka ipande ndivyo alivyoichota mapema. Sikumwambia "usichote", maana ukimkataza mtoto jambo ndilo atakaloliwaza. Nililaza mbao ya mbili kwa nne mita moja na nusu mbele yake, nikamwambia aivushe paki juu ya mbao, ila aendelee kuivuta mpaka ncha ya gongo inyooke kuelekea kifuniko chekundu, na abaki ameielekeza hapo. Alipofuatisha mwendo mpaka mwisho, paki ikapata muda wa kubingirika hadi ncha, ikavuka mbao, ikagonga chini kidogo ya mtambaa wa panya. Hakushangilia. Alikwenda akachukua nyingine, akapiga vile vile.

Hilo la kumalizia ndilo linaloamua kimo cha shuti. Ncha ya gongo ikiishia chini, paki inakwenda chini. Ikiishia usawa wa kifua, paki inapanda. Mchezaji abaki na gongo lake limenyooka hadi paki itue, na ukiwa nyuma yake utaona mara moja kama lilielekea alikokusudia.

Macho

Mpigaji anayeitazama paki muda wote hamfungi kipa, anapiga palipo na kipa, kwa kuwa mtu mkubwa aliyejaa golini ndiye anayevuta jicho la pembeni. Mfunze kutazama wavu mtupu. Baada ya kipa kukaa sawasawa nafasi hubaki kwenye kona nne na kati ya miguu yake, na nafasi ya kati ya miguu hufunguka kipa anaposogea upande mmoja.

Zoezi langu ni hili: mchezaji anaanza kuivuta paki, na akiwa katikati ya mvuto ninaita rangi. "Kijani!" Lazima ainue macho, akitafute kifuniko, apige. Mwanzoni wanakosa vibaya na wanaudhika. Waache. Mikono ikishaizoea paki, macho yanakuwa huru.

Mashuti mengine

Shuti la mkato lifuate lile la vifundo likishakaa. Hapa paki iko mbele kidogo, kati ya miguu, na mvuto wa nyuma haupo au ni mfupi sana. Mchezaji anabana mkono wa chini ghafla, mpini unapinda, paki inatoka kabla kipa hajajipanga. Nguvu yake ni ndogo kidogo, lakini muda unaookolewa una thamani kubwa katika mechi. Matthews ameliboresha kwa kuivuta paki kuelekea miguuni mwake kabla ya kuipiga. Kipa alikuwa amejipanga kwa paki iliyo mbali na mwili, mara paki inatoka sehemu nyingine kabisa. Ifunze hivi: weka kopo la maji mbele ya paki, mchezaji aivute kulikwepa kopo kuelekea vidole vya miguu yake, na apige bila kusita katikati. Wakisita, ni kuchezea paki tu. Mvuto na shuti viwe tendo moja.

Shuti la mgongo wa ubapa karibu kila kocha huliruka, na nadhani ni hasara. Kipa hulisoma kwa shida kwa sababu haoni ubapa ukifunguka. Crosby ni hodari wa shuti hili, na ubapa wa gongo lake umenyooka kuliko wa wachezaji wengi, jambo linalomsaidia. Ukiwa na gongo lililopinda sana, paki itateleza nje kabla ya wakati. Kwa hivyo watoto wangu nawapa magongo yenye mpindo mdogo, japo wao wanapenda yale yaliyopinda kwa kuwa yanainua paki kirahisi. Mwendo ni ule ule: bega la mbele linashuka, paki inaanzia nyuma kwenye kisigino cha ubapa, uzito unahama, gongo linamalizia limeelekea goli.

Mkwaju wa kuinua gongo juu ndio kila mtoto anautaka siku ya kwanza, hasa akisikia kwamba Zdeno Chara, beki wa NHL, mwaka 2012 alipiga kombora la kilomita 175 kwa saa. Usiufunze kwenye saruji. Ubapa katika mkwaju huu unapaswa kugonga barafu sentimita chache nyuma ya paki, ndipo mpini upinde. Barafu inauruhusu ubapa kupita. Saruji inauzuia, na mshtuko wote unarudi kwenye vifundo vya mikono. Magongo yanavunjika na mikono inaumia. Usubiri barafu.

Jinsi ya kuendesha mazoezi

Sisi huanza baada ya swala ya alasiri, sakafu ikishapoa, na kumaliza kabla ya magharibi. Kusi ikivuma kwa nguvu mpira wa tenisi unachukuliwa na upepo, basi siku hizo natumia paki tu na wadogo wanafanya zoezi la kizingiti. Mwezi wa Ramadhani tunapunguza: mashuti machache, mapumziko marefu, hakuna kukimbia. Wanaovaa viatu vya magurudumu wapanguse beringi na kuzitia tone la mafuta kila wanapomaliza, maana hewa ya bahari inazila.

Mashuti kumi, pumziko, mashuti kumi. Mtoto aliyechoka anarudi kupiga kwa mikono, na anachokirudia ndicho mwili unachokishika. Ukiona mabega yameanza kupanda, msimamishe hata kama ana hamu. Hamsini yenye miguu sahihi yanajenga mchezaji; yakizidi hapo na uchovu ukiingia, unabomoa ulichojenga.

Rekebisha jambo moja kwa siku. Ukimwambia mtoto kunja magoti, inua macho, ondoa mkono mbavuni na umalizie juu, kwa pamoja, atasimama kama amefungwa kamba. Mpangilio wangu ni huu daima: miguu, halafu mikono kukaa mbali na mwili, halafu njia ya paki, halafu macho. Mtoto asiyehamisha uzito simwambii lolote kuhusu macho, hata nikiyaona yameinama.

Simu ya kawaida inatosha kuwa mwalimu wa pili. Iweke kwa mwendo wa polepole, uishike usawa wa goti, ubavuni mwa mchezaji, si mbele yake. Mwonyeshe vitu viwili tu: mpini umepinda au haukupinda, na goti la mbele limekunjwa au limekakamaa. Vijana wangu wamepata faida zaidi kwa kujiona wenyewe kuliko kwa kutazama mastaa, kwa sababu staa wanamshangaa na wao wenyewe wanajichunguza.

Siku ya kwanza barafuni

Ice Lions, timu iliyouweka mchezo huu kwenye ramani ya Kenya, ilikulia kwenye uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Uwanja huo ni mdogo kuliko ule kamili, ambao urefu wake ni mita 60. Mwaka 2018 vijana hao walikwenda Kanada na wakacheza bega kwa bega na Crosby na Nathan MacKinnon, nyota mwingine wa NHL, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Watoto wangu wanayajua haya kwa moyo, na mmoja wao anapopata nafasi ya kwenda huko, hamu yake ya kupiga inamtangulia.

Mzuie kidogo. Sakafuni nyayo zake zinashika na anaweza kusukuma dhidi ya saruji. Barafuni mguu wa nyuma utamponyoka asipokita ukingo wa ndani wa chuma cha kiatu. Kwa hivyo kabla ya paki yoyote, ateleze kwa miguu miwili magoti yamekunjwa, ahamishe uzito kwenda mguu wa mbele, na amalizie akiteleza kwa mguu huo mmoja. Ni lile lile jaribio la kuinua mguu wa nyuma. Akiliweza mara kadhaa bila kushika ukuta, mpe paki, apige akiwa anateleza taratibu, si akiwa amesimama, maana mwendo wa mwili unamsaidia kuhamisha uzito.

Tarajia paki iende kwa kasi kuliko alivyozoea na iponyoke ubapani. Utepe unaozungushiwa ubapa wa gongo uwe mpya, umepakwa nta, na apunguze nguvu ya kushika kwa mkono wa chini mpaka asikie paki imetulia. Mashuti ya kwanza yapigwe chini, kwenye barafu, kuelekea upande mmoja wa goli. Kupandisha kuje kipindi cha pili. Mkwaju wa kuinua gongo uje baada ya hapo, atakapokuwa anaweza kusimama kwa mguu wa mbele bila kufikiria.